Henrik Sjögren: daktari aliyeunganisha macho makavu na maumivu ya viungo

Kama unaishi na baridi yabisi, lupasi, kisukari au ugonjwa mwingine wa kudumu, na macho yako yanachoma kama yameingiwa na mchanga, huenda umeshapewa maelezo mengi. Ni vumbi. Ni moshi wa jikoni. Ni simu. Ni umri. Huenda pia ulipewa matone ya kuua vijidudu, ukayatumia mpaka yakaisha, na maumivu yakabaki palepale.

Katika ukurasa huu tunakueleza sababu moja ya maumivu hayo ambayo hupitwa mara nyingi, yaani ukavu wa macho. Tutaieleza kupitia maisha ya daktari wa Sweden, Henrik Sjögren, ambaye jina lake hutamkwa takribani Shogren. Kama umewahi kulisikia, pengine ulilisikia kama jina la ugonjwa, si la mtu.

Kutoka Köping hadi Stockholm

Sjögren alizaliwa tarehe 23 Julai 1899 katika mji mdogo wa Köping, magharibi mwa Stockholm. Alisomea udaktari katika Taasisi ya Karolinska, akapata leseni mwaka 1927 na kuchagua tiba ya macho. Alifanya kazi katika Serafimerlasarettet, hospitali ya zamani ya Stockholm iliyokuwa ikipokea wagonjwa tangu karne ya 18.

Miaka michache tu baada ya kupata leseni, alikutana na mgonjwa mwanamke aliyekuwa na shida tatu kwa pamoja. Macho yake yalikuwa makavu na yanauma, kinywa chake hakikuwa na mate ya kutosha, na viungo vyake vilikuwa vimevimba. Kwa mazoea ya hospitali nyingi, hao ni wagonjwa watatu ndani ya mtu mmoja: macho kwa daktari wa macho, kinywa kwa daktari wa meno, viungo kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Kila mmoja anatibu kipande chake na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Sjögren alijiuliza kama vipande hivyo vitatu ni kitu kimoja. Akaanza kuwatafuta wagonjwa wengine wa aina hiyo, na akawapata. Mwaka 1930 alikwisha kuandika kuhusu wachache wa kwanza.

Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kuuona ukavu huo. Theodor Leber wa Ujerumani alikwisha kueleza mwaka 1882 nyuzi nyembamba za ute zinazoning'inia kwenye kioo cha jicho kikavu. Huko London, William Hadden alieleza mwaka 1888 habari za mwanamke ambaye mate na machozi yake yalikauka. Mfaransa Henri Gougerot aliandika mwaka 1925 juu ya ukavu unaoshika macho, kinywa na sehemu nyingine kwa pamoja. Ndiyo maana madaktari waliosoma kwa Kifaransa huyaweka majina yote mawili. Ukitibiwa Bukavu au Bujumbura, usishangae kuona Gougerot-Sjögren kwenye karatasi yako. Ni ugonjwa uleule.

Alichoongeza Sjögren ni kuhesabu, kupima na kuunganisha.

Karatasi ya dakika tano

Kipimo alichokitumia bado kipo, na huenda ukafanyiwa hata wewe. Kilibuniwa na Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Kipande chembamba cha karatasi inayonyonya maji hukunjwa ncha na kuning'inizwa ndani ya kope la chini. Unafumba macho kwa dakika tano, kisha daktari anapima kwa milimita karatasi imelowa hadi wapi. Ikilowa milimita 5 au pungufu, tezi zako zinatoa machozi machache mno. Karatasi inasumbua kidogo lakini haiumizi, na kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine.

Cha pili ni rangi. Sjögren alitumia rangi nyekundu inayoitwa rozi bengali, ambayo hushika mahali ambapo ngozi ya juu ya jicho imeharibika. Leo watu wengi huwekewa rangi ya chungwa ambayo hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Jicho ambalo kwa kulitazama tu linaonekana zima, chini ya rangi linaweza kuonekana limejaa vidoa. Hapo mgonjwa aliyekuwa akiambiwa hana kitu anapata ushahidi wake.

Kwa nini ukavu unauma

Pengine unafikiri machozi ni maji tu. Utando unaofunika jicho lako una mafuta, maji na ute. Mafuta hutoka kwenye vitezi vilivyo ukingoni mwa kope na huzuia maji yasikauke upesi. Maji hutoka kwenye tezi za machozi. Ute hufanya maji hayo yashike kwenye jicho badala ya kuteleza. Kila unapopepesa, kope hutandaza mchanganyiko huo upya. Sehemu moja ikipungua, utando unachanika kabla hujapepesa tena.

Chini ya utando huo kuna kioo cha jicho, na ni sehemu chache sana za mwili zenye mishipa ya fahamu iliyosongamana kiasi kile. Punje moja ya mchanga inatosha kukukosesha raha siku nzima. Kioo kikikauka, mishipa hiyo hubaki wazi, na kope hukikwangua kila linapopita juu yake. Ndiyo sababu maumivu ya ukavu huzidi jioni, kwenye upepo, mbele ya feni, au unaposoma kwa muda mrefu, maana mtu anayesoma au kutazama simu hupepesa mara chache.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, hata wahudumu wa afya: jicho kavu linaweza kutiririsha machozi. Kioo kikiumia, tezi hushtuka na kumwaga maji mengi kwa ghafla, maji mepesi yasiyo na mafuta wala ute wa kutosha, nayo hutiririka shavuni bila kulitibu jicho. Kwa hiyo mtu akikuambia macho yako hayawezi kuwa makavu kwa sababu yanatoa machozi, amekosea. Kwa ugonjwa wa Sjögren wenyewe hali huwa tofauti kidogo. Tezi zikishaharibika sana, hata mshtuko huo haupo tena, na baadhi ya wagonjwa hushindwa kutoa chozi hata msibani. Katika jamii zetu hilo lina uzito wake, maana kuna watu watakaohesabu nani alilia na nani hakulia.

Kitabu cha mwaka 1933

Mwaka 1933 Sjögren alitoa tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika kwa Kijerumani, lugha iliyotumika sana katika sayansi ya tiba Ulaya wakati huo. Ilihusu wagonjwa 19, wote wanawake, na 13 kati yao walikuwa na ugonjwa wa viungo. Alichunguza vipande vya tezi zao kwa hadubini na kueleza jinsi seli nyeupe za damu zilivyokuwa zimejipenyeza ndani yake, mahali ambapo palipaswa kuwa na seli za kutengeneza machozi.

Hali ile aliipa jina refu la Kilatini, keratoconjunctivitis sicca, yaani uvimbe mkavu wa kioo cha jicho na ngozi laini inayolifunika jicho. Unaweza kuona jina limekusudiwa kutisha, lakini alikuwa na sababu. Ukavu wa macho uliojulikana sana wakati huo ulikuwa ule wa upungufu wa vitamini A, ambao huanza kwa mtoto kushindwa kuona gizani na unaweza kumpofusha. Ni ugonjwa huohuo unaofanya watoto wetu wapewe matone ya vitamini A kliniki kila miezi sita. Sjögren alitaka ieleweke kwamba wanawake wake hawakuwa na tatizo la chakula. Tofauti hiyo bado ina kazi leo: ikiwa wewe ni mtu mzima mwenye baridi yabisi na macho yako ni makavu, karoti na mchicha ni chakula kizuri, lakini si tiba ya macho hayo.

Wakaguzi wa tasnifu hawakuvutiwa. Hawakuipa daraja la kutosha kumpa hadhi ya dosenti, ambayo ndiyo ingemfungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu. Mtu aliyetarajia maisha ya utafiti katika mji mkuu alijikuta nje ya mlango huo. Alikwenda Jönköping, mji ulio kusini mwa nchi, na mwaka 1938 akawa mkuu wa kliniki mpya ya macho huko. Alifanya yote ambayo daktari wa macho wa mkoani hufanya, na alishughulika pia na upandikizaji wa kioo cha jicho. Wagonjwa wakavu hakuwaacha. Aliendelea kuwaona, kuwapima na kuandika habari zao, bila chuo kikuu nyuma yake.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo maisha yake yanapomhusu zaidi mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu. Daktari anayekaa na wagonjwa walewale kwa miaka huona mambo ambayo mtu wa kupita hayaoni.

Wokovu wa tasnifu ile ulitoka mbali. Daktari wa macho wa Australia, Bruce Hamilton, aliitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikachapishwa mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Sasa madaktari wa nchi nyingine waliweza kuisoma, na wakawatambua ndani yake wagonjwa wao wenyewe. Mwaka 1951 Sjögren alitoa taarifa ya wagonjwa 80 wenye ukavu huo, na takriban theluthi mbili yao walikuwa na ugonjwa wa viungo. Hesabu ilikuwa karibu ileile ya 1933. Udosenti aliupata Göteborg mwaka 1957, miaka 24 baada ya tasnifu, na mwaka 1961 serikali ya Sweden ikampa cheo cha profesa. Alistaafu mwaka 1967, akahamia Lund, na huko alifariki tarehe 17 Septemba 1986 akiwa na umri wa miaka 87. Siku yake ya kuzaliwa, 23 Julai, sasa huadhimishwa kama siku ya ugonjwa wa Sjögren duniani.

Tunachojua sasa

Ugonjwa wa Sjögren hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kuzishambulia tezi za mwili wenyewe, hasa za machozi na za mate. Kwa kila mwanaume mmoja anayeupata, wanawake ni kama tisa, na wengi huugundua wakiwa na miaka ya arobaini au hamsini. Unaweza kuja peke yake au ukaambatana na baridi yabisi au lupasi. Hauambukizi, na haukuletwa na mtu.

Dalili zake si za macho tu. Jiulize kama unahitaji kushushia chakula kikavu kwa maji, kama unaamka usiku kunywa maji kwa sababu ulimi umeganda, kama meno yameanza kuoza kwa kasi shingoni mwa jino, karibu na ufizi, au kama tezi zilizo mbele ya masikio huvimba mara kwa mara. Wanawake wengi hupata pia ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa, jambo ambalo halisemwi kliniki mpaka mtu aulizwe. Halafu kuna uchovu usioisha kwa kulala.

Daktari anaweza kukupima damu kutafuta kingamwili inayoitwa anti-Ro. Ukikutwa nayo na unatarajia kupata mtoto, mwambie mkunga au daktari wa uzazi mapema, kwa sababu kingamwili hiyo huweza kupita kwa mtoto tumboni na, kwa wachache, kuathiri mapigo ya moyo wake. Usishtuke pia ukiombwa upime virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C, maana vyote viwili vinaweza kuleta ukavu unaofanana na huu na matibabu yake ni mengine. Na uvimbe wa tezi usiopungua kwa wiki kadhaa unahitaji kuangaliwa, kwa kuwa wagonjwa wachache wa Sjögren hupata saratani ya tezi.

Lakini si kila jicho kavu ni Sjögren. Ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kufanya macho yatokeze na kukaa wazi kupita kiasi. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza kupepesa. Makovu ya trakoma huharibu kope. Dawa nazo zina mchango mkubwa: za mzio na mafua, amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa, baadhi ya dawa za sonona, hata baadhi ya matone ya presha ya macho. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya maneno haya. Peleka orodha ya dawa zako zote kwa daktari, aone ipi inaweza kubadilishwa.

Kisukari kinahitaji tahadhari ya pekee. Kinaweza kukausha jicho na wakati huohuo kufisha mishipa ya fahamu ya kioo chake. Jicho la namna hiyo linaweza kupata kidonda bila kuuma sana. Ukiwa na kisukari, kutouma kusikutulize.

Upande wa pili, wapo ambao jicho lao huuma sana wakati vipimo vinaonyesha ukavu mdogo. Mishipa yenyewe ikishajeruhiwa kwa muda mrefu, huweza kuendelea kupeleka maumivu hata uso wa jicho ukitulia. Maumivu hayo ni ya kweli na yana matibabu yake. Daktari anaweza kukudondoshea tone la ganzi ili kuona kama yanapungua. Tone hilo ni la kliniki tu. Usilitafute dukani ulitumie nyumbani, kwa sababu likizoeleka huharibu kioo cha jicho.

Cha kufanya

Tiba ya kwanza ni machozi ya bandia, matone yanayopatikana kwenye maduka mengi ya dawa bila cheti. Tumia kwa ratiba, usisubiri mpaka uumie. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, uliza yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi hulichubua jicho. Usiku jeli au mafuta mazito ya macho hukaa muda mrefu zaidi, ingawa utaona ukungu kwa muda. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi husaidia mafuta ya kope kutoka. Geuza feni isikupulize usoni, na kama unapikia kuni au mkaa, hata kusogeza jiko karibu na mlango kunapunguza moshi unaokufikia.

Hayo yasipotosha, daktari wa macho anaweza kuziba vitundu vidogo vinavyopeleka machozi puani ili machozi machache uliyonayo yabaki, au kukuandikia matone yanayotuliza kinga ndani ya jicho. Usinunue matone ya steroidi kwa ushauri wa jirani, hata kama yalimtuliza kwa siku moja. Yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Maziwa ya mama, asali, mkojo na maji ya majani visiingie jichoni.

Ukienda kwa daktari wa macho, mwambie kwamba viungo vinauma na kinywa ni kikavu. Ukienda kwa daktari wa viungo, mwambie kuhusu macho. Huenda hakuna hata mmoja atakayekuuliza.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, ukiona lolote kati ya haya: maumivu makali yaliyoanza ghafla, uoni uliopungua, mwanga kukuumiza kiasi cha kushindwa kufungua jicho, usaha, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho.